Kilo Thelathini na Moja

Mwezi wa tatu, barafu ya ziwa Huvsgul bado inabeba lori,
mwalimu Dolgorsuren akatutoa darasani
na mizani ya kupimia sufu.
Dashnyam, kaka yangu: kilo sitini na mbili.
Mimi: thelathini na moja, pamoja na kofia.
Darasa likacheka. Mwalimu akafurahi
kama mtu aliyeokota hesabu iliyokwisha kupikwa.

Akatukalisha juu ya mabati mawili
yaliyopakwa mafuta ya kondoo,
nyayo zangu zikigusa nyayo zake.
"Sukumaneni."

Nani alisukuma? Mpaka leo hatujaafikiana.
Barafu haikuuliza.
Yeye alikwenda kusini, pole, kama fahali aliyeshiba;
mimi kaskazini, mara mbili ya mwendo wake,
nikipiga kelele ambazo hazikuongeza kitu.

Mwalimu alipiga magoti, akaandika kwa mkaa:
tungamo lako mara mwendo wako,
tungamo lake mara mwendo wake,
mmoja mbele, mmoja nyuma. Jumlisheni.
Sifuri.
"Ilikuwa sifuri mlipotulia," alisema,
"na ni sifuri mnapokimbiana.
Hiyo ndiyo momenta. Haizuki, haipotei baina yenu.
Hakuna amsukumaye mwenziwe akabaki pale pale."
Kisha akakiri kwamba barafu ya kweli hukwaruza,
si kama ya kitabuni,
ndiyo maana tulisimama kabla ya msitu.

Mtihani wa somo lile nilipata tisa kwa kumi.
Nikasahau.

Miaka kumi na tisa baadaye baba akafa,
akaacha lori moja na watoto wawili,
na lori halikatwi kwa shoka.
Mezani, chai ya chumvi ikipoa, nilisema neno.
Sitaliandika hapa. Lilikuwa fupi.
Dashnyam akavaa buti zake, moja, kisha ya pili,
akaenda Erdenet kuchimba shaba.
Nikawaambia majirani: ameondoka.
Ameondoka, nasema, nami nimeketi kwangu,
jiko lile lile, mbwa yule yule,
nikaamini mimi sijasogea hata shubiri.

Lakini habari za harusi ya binti yake
nilizipata kwa muuza petroli,
wiki mbili baada ya keki kuliwa.
Nilikuwa nimefika mbali kiasi hicho.

Jana nikivuka ziwa kwa miguu
nilikumbuka ile alama moja niliyokosa.
Swali lilikuwa hivi: ndugu wawili wametengana barafuni,
kati yao kuna kamba.
Nani avute ili wakutane?
Nikajibu, kwa mwandiko mzuri: mwenye kosa.
Mwalimu alikata kwa wino mwekundu.
Pembeni akaandika: Yeyote.
Avute mmoja, wavute wote, kamba haijui;
wote wawili watasogea,
na watakutana karibu zaidi na aliye mzito.

Nikasimama katikati ya ziwa nikipiga hesabu.
Mimi siku hizi kilo hamsini na nne.
Yeye, kwa picha ya harusi niliyoonyeshwa,
tumbo lile, shingo ile, hapungui mia na nane.
Bado mara mbili.
Theluthi mbili za njia, basi, ni zangu,
hata akianza yeye,
hata kosa likiwa lake lote, na si lake lote.

Kwetu simu haishiki ila juu ya kilima,
penye rundo la mawe na vitambaa vya buluu.
Nikapanda, mkono mmoja nje ya glovu,
vidole vikiwa vyeupe.
Iliita mara nne.

"Wewe ndiwe uliyesukuma," alisema, bila salamu.

"Sawa," nikasema. "Vuta."

Akakaa kimya muda mrefu, nami nikihesabu dakika za vocha.
Halafu nikasikia, nyuma ya pumzi yake,
kabati likifunguliwa,
na mtu mzito akiuliza mkewe
buti zake ziko wapi.